Mama Esther Alivyokataa Kubonyeza

Mwenyekiti Dadi alipiga meza mpaka chai ikamwagika. "Mama Esther, bonyeza! Saa kumi wanatufungia, halafu wakulima mia tatu wakose salfa kwa ukaidi wako?"

Mama Esther hakubonyeza. Namjua mama huyu, akikataa, amekataa. Ni karani wa chama cha wakulima wa korosho kijijini kwao, upande wa Newala, na mwaka wa tisa huu anatunza orodha ya nani ana mikorosho mingapi na anastahili mifuko mingapi ya salfa, dawa ya mikorosho. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho kuituma. Mtandao ulisumbua tangu asubuhi, na orodha yenyewe ilikuwa ndani ya imeili ya chama. Bila salfa, ubwiri unga, ule ukungu mweupe, ungemaliza maua yote, na watu wangekula nini?

Imeili iliyozua ugomvi ilitoka kwa Anderson, fundi wa kompyuta wa Masasi anayehudumia vyama vya huku. Anderson ni mtoto wa mama mdogo wa Mama Esther, wamekulia nyumba moja. Mwaka jana yeye ndiye aliyewafundisha makarani: kagueni anwani herufi kwa herufi, matapeli hubadilisha moja tu. Mama Esther akakagua. Anwani ilikuwa ya Anderson kabisa. Ndani iliandikwa kwamba imeili ya chama inafungwa saa kumi, abonyeze hapo aweke neno la siri ili isifungwe.

Ila juu kabisa ilimwita kwa jina lake la utotoni.

Jina gani? Hamlisikii kwangu, ng'o! Huku kwetu mtu akitoka unyagoni ana jina jipya, na la zamani limekwisha. Ukimwita kwalo umemtukana, na wapo waliotozwa kuku kwa kuteleza ulimi. Lake lilibaki kwenye cheti cha shule tu, cheti alichomtumia Anderson kwa imeili amchapie maombi ya ukarani.

"Anderson hawezi," alijisemea. "Hata awe amelewa. Kuna mtu anapekua mafaili yake."

Akapiga simu. Haipatikani. Na mwenyekiti angemwelezaje bila kumwonyesha jina lile? Alifunika kioo cha kompyuta kwa kiganja, akasema tu, "Imeili hii haina adabu."

"Adabu!" Mzee Dadi alifoka. "Mimi nasema salfa, wewe unasema adabu? Ikifungwa, kazi huna."

Aliogopa, jamani, tusidanganyane. Esther yuko sekondari na baba yake hayupo tena duniani. Lakini alisema, "Sawa, Mwenyekiti. Kazi chukua. Neno la siri sitoi."

Wakakaa wakinuniana. Saa kumi ikafika, ikapita. Saa kumi na dakika tano akafungua imeili ya chama. Ikafunguka kama kawaida. Akatuma orodha, safari hii ikaenda, ndipo akapumua.

Simu ikaita hapohapo. Alikuwa Anderson, sauti imekatika kwa kilio. "Shikamoo, dada. Usibonyeze chochote! Jana nililetewa imeili ya haraka haraka, nikaweka neno langu la siri. Wamo ndani ya imeili yangu tangu jana, wanawaandikia makarani wote. Wanne wameshabonyeza. Mimi, dada! Mimi niliyewafundisha!"

"Marahaba, mdogo wangu. Mimi sijabonyeza. Kulia utalia baadaye. Waambie hao wanne wabadilishe maneno ya siri sasa hivi, na mimi nitajie waliobaki, niwapigie."

Hakumkaripia hata kidogo. Mimi ningemkaripia. Alivuta karatasi akaandika majina kumi na mawili.

Mzee Dadi alikuwa amesikia yote. Alivuta kiti chake mpaka kando ya karani wake na kutoa simu mfukoni.

"Nigawie nusu, mwanangu," alisema. "Unifundishe na cha kuwaambia."