Kibodi ya Boksi

Yalinikuta jana Jumanne, saa nne na robo asubuhi. Geita hii ina mashimo ya dhahabu kila mahali, lakini mimi sikupata hata moja la kujificha.

Wageni wa mtaala mpya walikuja shuleni kujaribu mtihani wa vitendo wa kompyuta. Mwalimu alishatuambia kwamba tukifanya vizuri, huenda tukaletewa kompyuta. Hatuna hata moja. Tunajifunzia kibodi alizotuchorea kwenye maboksi ya sabuni, na mimi, ninayeona aibu hata kujibu darasani, ndiye mwenye vidole vyepesi kuliko wote.

Nikaitwa mbele. Mama mmoja mgeni akaniwekea laptop yake.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Andika barua fupi ya kuazima kitabu."

"Minza, kichwa juu, usiangalie vidole," Mwalimu akaninong'oneza.

Nikakazia macho dari, nikaandika barua nzima mpaka jina langu. Nilijiona mtu, mwenzenu.

"Nimemaliza, mama."

Akainama, akatazama kioo cheusi, kisha akaniangalia kwa huruma iliyoniuma kuliko fimbo.

"Mwanangu, hujaiwasha."

"Barua hiyo wameipata mizimu," Kabula akasema kule nyuma, na darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Wageni wameshaondoka. Kompyuta sidhani kama tutaziona.

Leo asubuhi niliwahi shule kabla ya wenzangu. Nikachukua peni, nikachora kitufe cha kuwashia kwenye kila boksi. Hakikuwahi kuwepo.