Gambuti za mamangu kisiwani

Chekeni tu, marafiki. Leo nimeaibishwa na gambuti za mamangu.

Tumetoka Othaya na kikundi cha wachuma chai, tukaja Pwani kuona kisiwa cha hifadhi. Mimi niko na sandali mpya, za picha.

Mama akashuka kwa boti na gambuti zake za shamba, zile buti za mpira za kufika magotini. Ati bado ziko na matope ya Othaya!

Nikamnong'onezea, "Mami, si uvue hizo? Watu wanakuangalia."

"Waangalie. Mimi sijui huku chini kuna nini."

Haya. Askari wa hifadhi akatuambia, "Maji yamekupwa, kuna kasa mkubwa kwenye kidimbwi kule."

Kasa ni kobe wa baharini, nimejua leo. Simu zote juu!

Askari akatazama miguu yetu. "Njiani ni mawe makali na miiba. Kwa sandali hizo hampiti."

Halafu akaona gambuti.

"Mama, karibu."

Wueh! Akaenda ameshikwa mkono kama bibi harusi. Hata kaa walimpisha.

Akarudi akicheka mpaka machozi. "Ako na gamba kama sufuria ya kanisa, na anaenda polepole kama baba yako akiitwa kuchuma chai!"

Basi tukapiga foleni, kila mtu avae gambuti kwa zamu. Mama akaisimamia, miguu mitupu, kama ile foleni ya kupima majani ya chai kwetu.

Mimi akaniweka mwisho kabisa.

"Wewe ngoja," akasema. "Watu watakuangalia."