Kurasa Alizovuta Babu

Juzi vijana walipasua matuta shambani kwangu, na ile harufu ya majani yaliyooza ikanirudisha kwa mama.

Shule yangu iliishia darasa la nne. Ada ilitushinda, na sioni haya kulisema. Kesho yake nilikuwa shambani na mama, tunafukia nyasi kwenye matuta ya duara, nikijua maisha yangu yameishia hapo.

“Keti unisomee,” mama akasema. “Matuta yako nitapiga mimi.”

Hakujua hata herufi moja. Nikamsomea kitabu changu pekee, nilichokuja nacho shambani, cha binti yatima aliyefukuzwa na mjomba wake mvua ikinyesha. Kisha nikafunga kitabu.

“Ikawaje?”

“Kurasa zimeisha, mama. Babu alisokotea tumbaku.”

Mama akaegemea jembe. “Mzee huyu kavuta mtoto wa watu. Basi malizia wewe. Ila kwa mjomba asirudi.”

Nikafikiri sana. Nikasema binti alitembea mpaka mji wa mbali, akafanya kazi, akajenga nyumba yake mwenyewe, ya bati.

Mama akainua jembe, akaendelea kulima.

“Mpe na ng’ombe,” akasema.