Shida Haitoki kwenye Salamu ya Kwanza

Wiki iliyopita nilikuwa katika ofisi moja ya misaada mjini Garland, huku ughaibuni, nikimtafsiria dada mmoja, mke wa mwanajeshi mstaafu anayeumwa. Ofisi ile imepata ruzuku ya kusaidia familia kama yake zisifukuzwe nyumbani.

"Hali ya nyumbani ikoje?" karani aliuliza.

"Nzuri, tunamshukuru Mungu," dada akajibu, huku akiisokota notisi ya mwenye nyumba mkononi.

Nami, mjinga, nikatafsiri neno kwa neno. Karani akaandika "hakuna shida", akafunga faili.

Nikamgeukia dada. "Na watoto hawajambo?"

Akainyoosha ile notisi mezani. "Kaka, Ijumaa tunatolewa nje."

Nilipomtafsiria hayo, karani alilifungua tena faili upesi, na kabla ya Ijumaa kodi ilikuwa imelipwa.

Jamani mlioko maofisini, ruzuku mnayo. Ulizeni basi na habari za watoto.