Bunju wa Saluni

Juzi nilikuwa nasukwa nywele Likoni, mwenye nyumba akaingia bila hodi, akaelekeza kidole kwenye tangi la kioo. Humo msusi wangu anafuga bunju wa madoadoa aliyemvua mwenyewe, na humtekea maji mapya ya bahari.

“Mtoe huyo. Bunju ana sumu! Ukitaka pambo, nunua samaki wa dukani.”

“Sumu ni kwa anayetaka kumla, mzee wangu. Wa dukani wametoka ng'ambo. Huyu ni wa hapa hapa.”

Akagonga kioo kwa hasira. Bunju akavimba kama mpira.

“Basi hameni nyote wawili!”

“Hatuhami, wallahi,” akajibu msusi, mikono bado kichwani mwangu.

Wako wengi siku hizi wanaotaka wenyeji tuhame. Nawakaribisha chakula. Kitoweo ni bunju.