Nailoni ya Senje

Niliisikia kabla ya kuiona. Chaka, chaka, chaka, kama mtu anayekanyaga majani makavu ya mahindi, nami bado nimelala juu ya mkeka, nimejifunika blanketi hadi kichwani na macho sijafungua. Nilishangaa, maana ulikuwa mwezi wa Agosti, na mahindi yetu ya Kibomet, pembeni mwa mji wa Kitale, yalikuwa mabichi, ndiyo kwanza yametoa mbelewele. Hayakuwa na majani makavu ya kupiga kelele namna hiyo. Kama kulikuwa na mtu ndani ya mahindi, basi mtu huyo alikuwa anaelekea lilipo godoro langu.

Nitakueleza, na naomba usinicheke kabla sijamaliza. Nilikuwa darasa la saba, nimewapita wavulana wengi kwa urefu, naongoza wimbo katika kwaya ya watoto, na bado nilikuwa nakojoa kitandani. Si kila siku. Lakini siku zenyewe hazikuwa na mpango, na hilo ndilo lililonichosha. Mama alikuwa amejaribu kila alichoambiwa. Alininyima chai ya jioni. Alinichomea mahindi badala ya kuyachemsha, ati yaliyochemshwa yana maji mengi. Kila asubuhi, kabla majirani hawajatoka nje kupiga mswaki, alibeba godoro langu kichwani na kuingia nalo shambani. Huko katikati ya mahindi alikuwa amekata mabua machache, akatengeneza uwanja mdogo kama chumba kisicho na paa, na humo ndimo lilimoanikwa. Mahindi yakiwa marefu, aibu yangu ilikuwa na nyumba yake. Baada ya mavuno hatukuwa na pa kuificha. Godoro lilihamia nyuma ya choo, na mtu akipita njia alilisalimia kwa macho kabla ya kutusalimia sisi.

Kaka yangu Simiyu, aliyekuwa kidato cha kwanza na aliyejiona mzee wa mji, hakunihurumia hata kidogo. Jina langu ni Nafula, jina la msichana aliyezaliwa wakati wa mvua. Unaweza kukisia aliyoyafanya nalo. "Nafula, jana ilinyesha?" aliniuliza kila asubuhi, na sura yake imetulia kama ya mtangazaji wa hali ya hewa.

Asubuhi hiyo ya Agosti ilikuwa ya kuamkia safari. Siku iliyofuata, vijana wa kanisa letu wangepakiwa kwenye lori la mahindi la mzee mmoja wa kanisa na kupelekwa Bungoma kwa kambi ya wiki nzima, kwenye shule ya bweni iliyokuwa imefungwa kwa likizo. Mchungaji alikuwa ametangaza madhabahuni vitu vya kubeba: Biblia, sahani, kikombe, blanketi, shuka, nguo za kubadilisha. Kwa kuwa lori lilikuwa moja, alisema, wasichana wawili wawili watatumia sanduku moja. Nilimtazama rafiki yangu Chebet, naye akanitazama, tukashikana vidole chini ya benchi. Chebet alikuwa mtoto wa watu wa Mlima Elgon waliohamia karibu nasi, msichana mwenye kicheko cha kumwambukiza hata mtu aliyefiwa. Nilitamani kambi hiyo kuliko nilivyotamani Krismasi. Nilitamani kulala chumba kimoja na wasichana wenzangu, kunong'onezana gizani. Na palepale kwenye benchi nikakumbuka kulala kwenyewe kulikuwa nini kwangu. Mkojo mmoja tu Bungoma, na Kitale nzima ingejua kabla lori halijarudi.

Basi nilipoisikia ile chaka chaka nilitoka mbio, peku, nikipita kwenye umande. Hapakuwa na mtu shambani. Aliyekuwa akipiga kelele alikuwa Senje, amesimama karibu na kamba ya nguo, anakung'uta kitu kikubwa cheupe kinachopitisha mwanga.

Senje ndivyo tunavyomwita shangazi, dada wa baba. Huyu alikuwa mkubwa wa baba kwa miaka mingi, na aliishi peke yake Bokoli, katika nyumba ndogo aliyojengewa na baba kwenye boma la nyanya yetu mzaa baba. Niliambiwa tu kwamba aliolewa zamani kisha akarudi. Hakuwa na mtoto. Alikuja kwetu mara chache, alfajiri sana, na hakulala hata siku moja. Alikuwa na mambo yake tuliyoyazoea kama mtu anavyozoea bawaba inayolia. Hakukalia kochi. Hata mama alipombembeleza, alichukua kile kigoda cha jikoni na kukiweka karibu na mlango. Kanisani pia alikaa benchi la mwisho, na sala ya kufunga ilimkuta ameshatoka. Alinukia sabuni ya kipande, harufu kali ya mtu aliyetoka kufua sasa hivi. Nilidhani huo ndio unyenyekevu wa watu wa mashambani. Simiyu alisema Senje anaogopa kochi litammeza.

"Kuja hapa," aliniambia. "Shika upande huo."

Nilishika. Ilikuwa nailoni ya ndani ya gunia la mbolea, ile ambayo wakulima wote wa kwetu huitoa na kuitupa au kufunikia kuku wakati wa mvua. Hii ilikuwa imepasuliwa ikawa pana, na pembezoni imeshonewa kitambaa cha kanga kuukuu ili isikwaruze. Ilikuwa laini. Nailoni mpya ya mbolea ni ngumu, inachoma ngozi na inanuka hadi puani. Hii ilikuwa imelegea kama ngozi ya mtu mzee. Nililiona hilo, nikaliacha lipite.

"Nani amekuambia?" nilimuuliza. Machozi yalikuwa yameshafika.

"Hakuna mtu ameniambia. Nimepitia njia ya mkato, nikaona godoro kwa mahindi." Akakunja upande wake, akanijia, vidole vyetu vikagusana. "Wacha kuria, Nafula. Hii unaweka chini, juu yake leso, juu ya leso shuka. Unaamka mbele ya wenzako, unafua kwa mfereji, unaanika, unafunika na nguo ingine. Nani atajua?"

Alisema yote kwa sauti ya mtu anayekueleza jinsi ya kusonga ugali. Mimi nilikuwa natamani ardhi ipasuke. Badala ya shukrani nilihisi hasira, kwamba sasa hata Bokoli wanajua.

Chebet alikuja mchana na vitu vyake kwenye mfuko wa shule. Sanduku lilikuwa la bati, la baba la wakati wa shule, lenye kufuli isiyo na ufunguo, nasi tuliliweka katikati ya sebule na kulizunguka kama watu wanaoota moto. Nailoni nilikuwa nimeitangulizia chini kabisa, imefungwa ndani ya shuka langu, kisha blanketi juu. Tukapanga. Biblia mbili. Sahani za bati. Njugu karanga alizokaanga mama, ambazo Chebet alitaka tuzihesabu kuwa chakula cha kiroho. Senje alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango, anachambua mboga. Baba alikuwa kazini, mama jikoni. Simiyu aliingia, akaegemea ukuta.

"Niaje, walokole."

"Poa. Si ukuje utubebee boksi," Chebet akamwambia.

"Mimi nibebe? Mtaenda na mwavuli lakini? Nasikia huko Bungoma inaweza kunyesha ndani ya nyumba."

Nilimtazama kwa macho ya kumwua. Chebet alicheka tu, hakuelewa, akapiga magoti na kuegemea vitu kwa mikono yote miwili ili mfuniko ushuke.

Chaka.

Akaacha. Akasukuma tena. Chaka, chaka.

"Ni nini hii inalia?"

"Ni blanketi," nilisema.

"Blanketi hulia? Wewe bana!" Na kabla sijamshika mkono alikuwa ameshachimba hadi chini na kuvuta. Shuka lilifunguka, nailoni ikamwagika sakafuni, ikajitandaza yenyewe taratibu huku ikilia, kana kwamba hapo ndipo ilipozoea kulala. Chebet aliishika ncha. "Ngai! Si hii ni ya kikojozi? Kakangu mdogo anawekewa hivi. Nafula, ni ya nani?"

Nakumbuka masikio yangu yalikuwa ya moto. Nakumbuka nzi mmoja akitembea juu ya Biblia. Nakumbuka nikimwona Simiyu akijaza kifua hewa, tayari kulisema lile neno lililobaki.

"Leta hiyo," Senje akasema. "Ni yangu."

Chebet akageuka. "Yako, Senje?"

"Yangu. Nimeiweka hapo kimakosa. Mimi hukojoa kitandani, mtoto wangu."

Alisema bila kuinua macho, mkono wake bado unavunja jani la sukuma kwenye mshipa. Simiyu alipasuka kwa kicheko. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na trei ya chai, na sijawahi kusikia sauti yake ikiwa chini namna ile. "Simiyu. Toka nje. Sasa hivi." Alitoka bado anacheka. Chebet hakucheka. Alimpelekea Senje ile nailoni kwa ncha za vidole, amenyoosha mkono kama anayemlisha mbwa wa watu, na alipoirudisha mikono yake aliifuta kwenye sketi. Aliifuta mara ya pili. Senje alimwona akiifuta. Nami nilimwona Senje akiona.

Nilichowaza wakati huo ni kwamba, kumbe mtu mzima wa kanisa anaweza kudanganya vizuri hivyo. Nilifurahi. Niliona aibu na nikafurahi, vyote kwa pamoja, nikainama na kuanza kupanga upya sanduku ili uso wangu usionekane.

Kule Bungoma Chebet alichagua kitanda cha juu, nami nikamshukuru Mungu. Giza lilipoingia, nilipolaza kichwa, mto wangu ulilia. Nilipapasa ndani ya foronya, na pale kati ya foronya na pamba nikaikuta, imekunjwa ndogo kama bahasha. Senje alikuwa amepita chumbani kwangu kuchukua sweta yake kabla ya kuondoka. Mto niliubeba mkononi, haukuingia sandukuni, na yeye alikuwa ameliona hilo. Wiki nzima godoro la shule lilibaki kavu. Nailoni haikubaki kavu kila siku, lakini niliamka mbele ya wenzangu, nikafua kwa mfereji, nikaanika, nikafunika na leso. Hakuna aliyejua. Tuliimba hadi sauti zikakauka, Chebet aliokoka mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza hakuwa na uhakika, nami nilirudi Kitale na heshima yangu nzima.

Mwaka uliofuata kukojoa kukakoma, kama kulivyokuja, bila maelezo. Nailoni ikafunikia kuku.

Nilikuwa chuo kikuu nilipokuja nyumbani likizo nikamkuta Senje sebuleni kwetu, amekalia kochi. Alikuwa amekaa katikati kabisa, mgongo umeegemea, kikombe cha chai juu ya paja, anabishana na baba kuhusu bei ya mahindi. Alinyoosha mkono kunisalimia na hakuinuka. Niliingia jikoni nikamkuta mama analia juu ya sufuria.

"Umemwona?" aliniuliza. "Umeona amekaa?"

Ndipo nikaambiwa. Senje alizaa mara moja tu, akiwa msichana aliyepita kidogo tu umri niliokuwa nao nilipoenda kambini. Alikaa na uchungu siku nyingi katika nyumba isiyo karibu na hospitali, mtoto akafa, na yeye akachanika ndani. Tangu hapo mkojo haukukaa. Ulitoka akiwa amelala, akiwa amekaa, akiwa anaomba. Watu wa mume walimrudisha kwao pamoja na kitanda chake. Aliishi hivyo tangu kabla mimi sijazaliwa, hadi muuguzi mmoja alipomwambia kwamba jambo lile hushonwa. Akapelekwa Eldoret, akashonwa, akapona.

Nilisimama pale jikoni na miaka yote ikarudi kujipanga upya mbele yangu. Kigoda. Benchi la mwisho. Sabuni. Safari za alfajiri na kutolala kwetu. Ulaini wa ile nailoni, ulaini ambao haupatikani kwa kufuliwa mara moja wala kwa mwaka mmoja. Aliyetuambia ukweli mtupu sebuleni siku ile, mbele ya mtoto wa watu, nilimhesabu kuwa mwongo hodari. Siri aliyoificha kanisani na njiani kwa nusu ya maisha yake aliitoa kwa dakika moja, ili mimi nibaki na yangu. Na aliporudi Bokoli alirudi bila kitu cha kutandika.

Nikifumba macho namwona bado, alasiri ile ya kufunga mizigo. Anatoka chumbani na sweta yake begani. Mama anamwambia, "Dada, kunywa chai kwanza," naye anasema ameshiba. Anachukua ncha ya leso yake na kukifuta kigoda, taratibu, pande zote, jambo ambalo nilidhani ni usafi tu. Anamwambia Chebet, "Muombe sana huko, mtoto wangu." Chebet anaitikia bila kumtazama. Mimi nimeinamia sanduku, nakunja shuka ambalo limekwisha kukunjwa, nasubiri tu aondoke ili tuendelee kucheka. Nasikia viatu vyake vya plastiki vikivuka kizingiti, na mlango, uliokuwa na desturi ya kujibamiza, ukifungwa nyuma yake polepole, bila sauti.