"Once in a while" ya mama yangu

Mama yangu akianza kuongea Kizungu, jua kuna kitu anaficha.

Leo nimemtoa nyumbani Ngoliba nikamleta hospitali hapa Thika, juu ya kizunguzungu.

Daktari akamuuliza kinamshika mara ngapi.

"Once in a while," mama akasema.

Nikamwangalia. Huyu mama huongea Kikuyu na mbuzi zake, na Kiswahili na wageni. Kizungu amekitoa wapi saa hii?

Daktari akauliza, hiyo once in a while ni kama mara ngapi kwa wiki.

"It comes and goes."

"Kwa wiki, mama."

"Now and then."

Daktari akaanza kuandika. Nikamwomba angoje kidogo, nikamgeukia mama, nikamuuliza kwa Kikuyu.

"Maitu, jana kilikushika?"

Akarekebisha kitambaa cha kichwa.

"Jana mara mbili."

"Na juzi?"

"Juzi nilianguka kwa shamba. Lakini nilianguka vizuri."

Nikazidi kumuuliza, kumbe ni kila siku, tangu mvua iishe.

Daktari akafuta alichokuwa ameandika. Akampima presha mara ya pili, akasema leo harudi nyumbani, analazwa.

Tukingoja kitanda nikamuuliza kwa nini alikuwa ananificha. Hakuniangalia.

"Ningekwambia ni kila siku, ungeacha kazi yako huko Ruiru urudi nyumbani."

Na ni kweli, ningeacha.

Wazazi wenu wakiulizwa hali yao, huwajibu aje? Niambieni, na leo muwapigie muulize tena.